Huyu ni Mgeni Wangu: Nyumba za Wasafiri na Dhamana ya Mgeni

Mwaka 1331 jahazi lililotoka Zeila lilitia nanga Mogadishu, na ndani yake alikuwamo msafiri wa Morocco, Ibn Battuta. Kabla abiria hawajashuka, mashua ndogo zilitoka pwani zimejaa vijana, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimwendea mfanyabiashara mmojawapo, akamkabidhi sahani na kutamka mbele ya wote: huyu ni mgeni wangu. Hapo neno lilikuwa limekwisha. Mfanyabiashara yule alilala kwa mwenyeji wake tu, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia shehena yake na kumnunulia alichokitaka. Aliyeinunua mali ya mgeni kwa bei ya kutupa, au aliyemuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara. Vijana walipoambiwa kuwa ni mwanachuoni wakasema basi huyo ni mgeni wa kadhi. Sultani akaamuru apewe nafasi katika nyumba ya wanafunzi wa dini, na kwa siku tatu akaletewa chakula mara tatu kwa siku: wali wa samli kwenye sinia la mbao, kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe.

Nimeanza na habari hii kwa sababu sijasoma maelezo mengine ya kale yanayoonyesha waziwazi hivi kiini cha jambo. Tukitaja malazi ya wasafiri, wengi wetu hufikiria kuta, paa na kitanda. Lakini msafiri wa zamani hakukosa pa kulaza ubavu. Pori lilikuwa na nafasi tele. Alichokosa ni mtu wa kumjibia, mtu wa kusema kwamba mali hii ina mwenyewe na damu hii ina mwenyewe. Kwa hiyo katika kazi yetu ya kuhifadhi majengo ya kale, tukikuta nyumba ya wageni hatuulizi kwanza ilikuwa na vyumba vingapi. Tunauliza nani alikuwa dhamana wa aliyelala humo.

Desturi aliyoiona Ibn Battuta ilikuwa na sababu yake baharini. Pwani yote iliendeshwa na pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na India kuanzia karibu Desemba, na kusi iliyarudisha kuanzia karibu Aprili. Katikati ya misimu hiyo mgeni hakuwa na pa kwenda hata angetaka, akakaa miezi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha nje, na siku ya kwanza huwezi kumwingiza hadi ndani kwenye wake na watoto. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilijengwa zikilijibu tatizo hilo. Lipo daka lenye viti vya mawe, ambapo yeyote anayepita huketi na kuzungumza. Kisha ipo sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na sehemu ya familia, ambako mfanyabiashara wa ng'ambo alilala pamoja na bidhaa zake. Wapo waliooa humo humo. Mgeni akawa mkwe, na mkwe hahitaji tena kudhaminiwa.

Vituo vya mtawala

Mahali pengine duniani dhamana hakuwa mwenye nyumba bali mwenye nchi. Herodotus aliandika kuwa Njia ya Kifalme ya Waajemi, kutoka Sardis hadi Susa, ilikuwa na vituo 111 na ilimchukua mtu siku 90. Chini ya Augustus, Roma iliweka vituo vya kubadilishia farasi na vya kulala katika barabara zake kuu, lakini kwa matarishi na maofisa wenye hati ya serikali. Wainka wa Amerika ya Kusini walijenga nyumba za mapumziko, tambo, zenye maghala ya chakula kando ya mtandao wa njia wa kilomita 30,000 hivi. Barabara ya Tokaido nchini Japani ilikuwa na vituo 53 kati ya Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto, na baada ya agizo la 1635 lililowalazimisha makabaila kwenda Edo kila baada ya muda, vituo hivyo vilineemeka. Kabaila alilala katika nyumba maalumu iliyoitwa honjin, na watu wa kawaida katika hatago.

Mtandao wa aina hii ulikuwa imara sana, ila ulimtumikia mtawala kwanza. Isipokuwa kama kule Japani, mwenda kwa miguu asiye na hati aliviona vituo kwa nje tu.

Wakfu: nyumba isiyo na bili

Kwa maoni yangu, hakuna aina ya malazi iliyofikiriwa kwa utu kuliko karavanserai, yaani nyumba za misafara, zilizojengwa kwa wakfu. Jengo lenyewe lilikuwa ngome. Lilikuwa na lango moja pana, linalopitisha ngamia na mzigo wake, lililofungwa jua likizama. Ndani palikuwa na uwanja, maji, mahali pa kusalia, vyumba kandokando, na mazizi. Umbali kati ya jengo moja na jingine ulikuwa wa mwendo wa siku moja, kilomita 30 hadi 40. Sultan Han karibu na Aksaray, Uturuki, lilijengwa mwaka 1229 chini ya Sultani Kayqubad wa Kwanza wa Waseljuki, na hadi leo lango lake la mawe yaliyochongwa humfanya mtu asimame kimya.

Kuta hizo nzuri zililishwa na mapato ya mashamba na maduka yaliyowekwa wakfu, ili msafiri akae bila kulipa, kwa kawaida hadi siku tatu. Hati ya wakfu ya Karatay Han, karibu na Kayseri, iliagiza kila anayefika apewe mkate na nyama iliyopikwa bila kubagua Mwislamu na asiye Mwislamu, mwungwana na mtumwa, mwanamume na mwanamke. Usiku wa kuamkia Ijumaa iligawiwa halua ya asali. Palikuwa pia na fundi wa kushona viatu vilivyochakaa. Mtu aliyeandika kipengele cha viatu aliwafahamu vizuri watu wanaotembea.

Siku tatu hizo si bahati nasibu. Mafundisho ya Kiislamu yanaweka takrima ya mgeni kuwa siku tatu. Nasi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hesabu zimepishana kidogo, lakini pande zote mbili zilijua kwamba ukarimu usio na kikomo humchosha mwenyeji na mwishowe humdhuru mgeni.

Wakristo nao walikuwa na njia yao. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inaagiza watawa kumpokea kila mgeni kama wanavyompokea Kristo. Katika njia ya mlimani kati ya Uswisi na Italia, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, watawa wamekuwa wakiwapokea wasafiri tangu karne ya 11, na wengi waliokolewa humo kutoka katika theluji. Nyumba hiyo ya Great St Bernard bado inapokea wageni.

Miji mikubwa iliipa karavanserai sura ya biashara. Huko Kairo, wakala (ndivyo karavanserai ya mjini ilivyoitwa huko) iliyojengwa na Sultani al-Ghuri mnamo 1504 na 1505 ilikuwa na maghala na maduka chini, na vyumba vya wafanyabiashara ghorofani. Mwaka 2023 UNESCO iliziingiza karavanserai 54 za Iran katika orodha ya urithi wa dunia.

Bagamoyo hadi Ujiji

Barabara ya misafara ya Tanganyika, karibu kilomita 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, haikuwa na sultani wa kujenga ngome kila mwendo wa siku. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walioondoka pwani katikati ya mwaka 1857 walifika Kazeh, katika Tabora ya leo, mwezi Novemba, na Ujiji Februari 1858. Nani aliwalaza watu miezi yote hiyo?

Kwanza walijilaza wenyewe. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba ratili 70 hivi kila mmoja, karibu kilo 32, na walipotua mizigo hawakupumzika. Walikata miiba wakazungusha boma, wakakata matawi na majani wakasimamisha vibanda. Kambi hizo zilibaki palepale, karibu na maji. Msafara uliofuata ulivikarabati vibanda au ukajenga vipya. Hivyo njia ya kati ikapata malazi yake, yaliyojengwa na wabeba mizigo na kuachiwa wabeba mizigo wengine. Hakuna jiwe hata moja lililobaki, na ndiyo sababu vitabu vya majengo ya kale havizitaji. Naona ni dhuluma, kwa maana ndizo zilizolaza watu wengi kuliko nyumba yoyote ya ghorofa ya Bagamoyo.

Kambi kongwe zilikuwa na adui wake. Papasi hujificha kwenye vumbi la sakafu kavu, hutoka usiku, hunyonya na kurudi. Wasafiri walilala palepale usiku hadi usiku, na papasi wakaambukizwa na kuambukiza. Miaka ya 1904 na 1905 watafiti walithibitisha kwamba papasi ndio wanaoeneza homa ijirudiayo, ile tuiitayo homa ya papasi. Robert Koch aliwachunguza katika vibanda vya njia za misafara za Tanganyika ya Wajerumani. Daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo huo Kongo, alifia Kasongo mwaka 1905 baada ya kuugua. Aliye na kumbukumbu ya kukatazwa na bibi kulala kwenye kibanda kikuukuu cha njiani ajue katazo hilo lilikuwa na sababu yake.

Pili, palikuwa na utani. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, wanataniana, na wataalamu wengi wanaihusisha mizizi ya utani wa aina hii na safari hizo za pwani. Leo tunaukumbuka kwa maneno ya kuchekesha msibani, lakini kwa msafiri ulikuwa mkataba. Mtani aliweza kuingia kwa mtani wake, akala bila kuomba radhi wala ruhusa. Akifia ugenini, mtani alisimamia maziko. Hapo dhamana ilifika mpaka kaburini, jambo ambalo hakuna hoteli inayoliahidi.

Tatu, palikuwa na wenyeji wa miji ya bara. Burton na Speke walipokelewa Kazeh na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliyewapa nyumba. Nyumba ya aina hiyo ilikuwa tembe, yenye kuta nene za udongo na paa bapa la miti na udongo. Mwaka 1872 Livingstone na Stanley waliofuatana kutoka Ujiji walikaa katika tembe moja ya Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki hadi Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mwaka uliofuata, Oktoba 1873, Mwingereza Cameron alikuwa huko Unyanyembe, eneo hilo hilo la Tabora, pale Chuma, Susi na wenzao, waliokuwa watumishi wa Livingstone, walipofika wakiuchukua mwili wake, waliouhifadhi na kuubeba kutoka kijijini kwa Chitambo. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Tembe ya Kwihara leo ni makumbusho, na anayetaka kujua chumba cha msafiri wa karne ya 19 kilikuwaje aende akasimame humo saa ya mchana wa jua kali, ausikie ubaridi wa kuta zile.

Mwisho wa njia, Bagamoyo, lilikuwapo jengo la misafara ambalo mpaka sasa linaitwa Caravan Serai, lenye uwanja katikati. Nalazimika kusema jambo hapa, kwa sababu waongozaji watalii wakati mwingine huliruka. Njia ile ile ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Hao hawakuwa wageni wa mtu. Kambi waliyolala ilikuwa gereza linalohama, na mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko la Unguja, biashara hiyo ilikuwa halali machoni mwa watawala. Ukilionyesha jengo la misafara bila kutaja hilo, umesimulia nusu ya habari.

Daftari na tangazo la ukutani

Malazi ya kulipia ni ya kale pia, na tangu zamani yalishukiwa. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, zinamtaja mwanamke mwenye kilabu cha pombe: wahalifu wakikutana kwake kupanga njama naye asiwakamate na kuwapeleka ikulu, yeye atauawa. Katika mji wa Aesernia nchini Italia lilipatikana jiwe la kaburi la zama za Warumi lililochongwa mazungumzo ya mwenye nyumba ya wageni na mteja wakihesabu bili: mvinyo, mkate kwa sarafu moja, kitoweo kwa mbili, msichana kwa nane, majani ya nyumbu kwa mbili. Mteja anakubali yote, kisha analalamika kuwa nyumbu huyo atamfilisi. Biashara ya kuuza miili ya wasichana katika nyumba za wageni, kama jiwe hilo linavyoonyesha bila haya, haikuanza jana.

Warumi waliona hatari nyingine pia: mwenye nyumba kushirikiana na wezi. Ndiyo sababu amri yao ya kisheria, iliyohifadhiwa katika mkusanyo wa sheria wa Kaizari Justinian wa mwaka 533, iliwabebesha manahodha, wenye nyumba za wageni na wenye mazizi wajibu wa kurudisha mali ya msafiri waliyoipokea, hata kama wenyewe hawakuiba. Waingereza walikuwa na wajibu kama huo, wakaupunguza kwa sheria ya 1863. Mwenye hoteli hakudaiwa zaidi ya pauni 30 isipokuwa mali imepotea kwa kosa lake au la watumishi wake, au alikuwa amekabidhiwa aitunze, na ili apate kinga hiyo alitakiwa abandike tangazo mlangoni mahali panapoonekana. Tangazo lililo kwenye mapokezi ya gesti zetu, lisemalo vitu vya thamani vikabidhiwe kwa mhudumu, linafuata mtindo huo. Lisome. Fedha uliyoikabidhi na kupewa risiti na fedha uliyoificha chini ya godoro hazina hadhi moja siku ya mashtaka.

Daftari la wageni nalo lina asili ndefu. Ibn Battuta, akieleza safari ya China, anasema kila kituo kilikuwa na nyumba ya wageni chini ya ofisa. Jua likizama ofisa alikuja na karani wake, akaandika majina ya wote waliolala humo na kufunga mlango. Asubuhi aliwaita kwa majina, akawapa mtu wa kuwafikisha kituo kinachofuata, na mtu huyo alirudi na hati kwamba wote wamefika salama. Kwa hiyo unapoandika jina, kazi, unakotoka na unakokwenda, usidhani ni usumbufu tu wa polisi. Ukipotea, mstari huo ndio utakaoonyesha mahali ulipolala mara ya mwisho. Andika jina lako la kweli.

Mlango wenye ufunguo, na waliofungiwa nje

Karne ya 19 ilileta treni, na treni ilibadilisha kila kitu kwa haraka. Huko Boston, Marekani, hoteli ya Tremont House iliyofunguliwa 1829 ilimpa mgeni chumba chake peke yake chenye kitasa na ufunguo, na sabuni ya bure. Kabla ya hapo msafiri katika nyumba nyingi za wageni za Ulaya na Marekani aliweza kulazwa chumba kimoja, hata kitanda kimoja, na mtu asiyemjua. Kwetu, Reli ya Uganda iliyofika Kisumu 1901 ilikuwa na nyumba za mapumziko kwa mtindo wa India ya Waingereza, kama pale Voi, ambapo abiria walishuka kula. Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa 1904. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kambi za misafara zikamezwa na nyasi.

Lakini mlango wenye ufunguo ulikuwa na mtu wa kuamua nani aingie. Hoteli kubwa za wakoloni zilikuwa za Wazungu. Jumuiya za Wahindi zilijenga musafirkhana na dharamsala, yaani nyumba za wasafiri, kwa ajili ya watu wao waliotoka ng'ambo, desturi nzuri iliyookoa wengi. Mwafrika alifikia kwa ndugu, au kwa mtu wa kwao, au alikodi nafasi katika nyumba za Waswahili. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote mbili zilipata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mpagazi bado alikuwa akijitafutia pa kulala. Marekani hali ilikuwa hiyo hiyo kwa watu weusi, hata Victor Hugo Green, tarishi wa New York, akaanza kuchapisha mwaka 1936 kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha hoteli na nyumba za watu zilizokubali kuwapokea. Sheria za nchi zilipokataa kuwa dhamana wao, walirudi kwenye ile ya zamani, ya mtu kumfungulia mtu mlango.

Gesti za stendi, zilizoenea baada ya Uhuru pamoja na mabasi, zilibomoa ukuta huo. Ndani yake mwalimu, machinga, mgonjwa anayekwenda hospitali ya rufaa na dereva wa lori wanalala ukuta kwa ukuta, na kinachotakiwa ni fedha ya chumba na jina kwenye daftari. Sidhani tumeupa uzito unaostahili usawa huo.

Jambo la kutekelezwa

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye hulindwa pale tu yanapotangazwa rasmi. Maana yake ni kwamba nyumba za mapumziko za enzi ya reli, musafirkhana nyingi, na gesti za kwanza za Kiafrika mijini hazina ulinzi mpaka mtu aziombee, na zinabomolewa kupisha majengo ya maduka. Njia ya misafara yenyewe imekuwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, ikisubiri.

Kama familia yako inamiliki nyumba ya namna hiyo, hatuombi usiiendeleze. Tunaomba kabla ya nyundo kuanza umwarifu afisa utamaduni wa halmashauri yako, ili ipigwe picha na kuchorwa ramani ya vyumba, na wazee walioihudumia warekodiwe wakiwa hai. Madaftari ya zamani ya wageni yasichomwe. Hata yaliyoliwa na mchwa nusu yanafaa. Yawekwe pakavu, yasifungwe kwa mpira wala kubandikwa selotepu, na yafikishwe katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa au makumbusho iliyo karibu.